Saa za kompyuta hukubaliana vipi? Kutoka vita vya dakika 38 hadi mkongo wa baharini

Asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1896, saa tatu kamili ilikuwa saa ya kufa na kupona Mji Mkongwe wa Zanzibar. Waingereza walimpa Sayyid Khalid bin Barghash hadi saa hiyo ateremshe bendera na atoke kasrini. Hakutoka. Saa tatu na dakika mbili mizinga ya manowari za Admirali Harry Rawson ikaanza kulia bandarini. Haikufika saa nne, mambo yalikuwa yamekwisha, na watu takriban 500 wa upande wa Zanzibar walikuwa wameuawa au kujeruhiwa.

Vitabu vya rekodi huviita vita vifupi kuliko vyote duniani na kuvipa dakika 38. Wapo wanaoandika 40, wengine 45. Tofauti inatokana kwa sehemu na namna ya kuhesabu mwisho: je, vita vimekwisha mizinga iliponyamaza au bendera ilipoanguka? Na hata watu wakikubaliana hapo, linabaki swali jingine: dakika hizo ni kwa saa ya nani? Ya melini au ya nchi kavu?

Swali hilo bado linasumbua. Benki, kampuni za simu, mashirika ya umeme na yeyote mwenye kompyuta zaidi ya moja zilizounganishwa hulazimika kulijibu kila sekunde: lipi lilitangulia, na kwa saa ya nani? Kompyuta mbili zikipishana kidogo tu, kumbukumbu zao zinaweza kusema uongo bila mtu yeyote kudanganya.

Mfano: akaunti ya duka Darajani ina shilingi 50,000, na watu wawili wanaijua namba ya siri. Mmoja anatoa 40,000 kwa wakala Mwanakwerekwe. Wakati huohuo mwenzake analipa bidhaa ya 40,000 Dar es Salaam. Maombi yakipitia seva mbili tofauti, na moja ikiwa nyuma kwa nusu sekunde, aliyechelewa ataonekana ndiye aliyewahi. Mifumo mingi hukwepa balaa hili kwa kuipa kila akaunti mahali pamoja pa kuamulia. Ila mtandao ukitanda dunia nzima, njia hiyo hubana. Mwaka 2012 Google ilieleza hadharani jinsi hazina yake ya data iitwayo Spanner inavyofanya: kila kituo kina vipokezi vya GPS na saa za atomiki, na saa haisemi tu "sasa ni saa fulani", bali inasema pia inaweza kuwa imekosea kwa kiasi gani. Muamala husubiri kwanza kiasi hicho cha shaka kipite, ndipo ukamilishwe.

Saa zote hukosea

Ndani ya simu na kompyuta mna kipande kidogo cha madini ya kwatsi kinachotetemeka umeme ukipita. Kile cha kutunzia saa kwa kawaida hutetemeka mara 32,768 kwa sekunde, na mashine huhesabu mitetemo hiyo. Ni kitu cha bei poa, na joto hukibadilisha mwendo. Kikikosea sehemu 20 tu katika kila milioni, saa inapotea kwa sekunde 1.7 kwa siku, karibu dakika nzima kwa mwezi.

Umeme ukizimwa, kompyuta ya mezani hutunza saa kwa betri ndogo ya duara kama sarafu. Unguja inajua kiza cha muda mrefu: Mei na Juni 2008 kisiwa kilikosa umeme kwa takriban mwezi mmoja, kisha tarehe 10 Desemba 2009 ukakatika tena na haukurudi kwa karibu miezi mitatu. Kompyuta iliyokaa imezimwa miezi mitatu, ikiwa na kosa hilohilo la 20 kwa milioni, huamka ikiwa imepotea dakika mbili na nusu. Betri ikiwa imekufa kabisa, huamka ikidhani ni mwaka mwingine wa zamani. Hapo tovuti hugoma kufunguka, kwa sababu vyeti vya usalama vya tovuti vina tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kwa kompyuta hiyo vyote ni vya mwaka ambao haujafika. Mafundi wengi wameitiwa "intaneti mbovu" kumbe tatizo ni betri ya saa.

Waya wa kwanza

Kulinganisha saa kwa waya katika pwani hii si jambo la juzi. Mwaka 1879 waya wa telegrafu wa chini ya bahari ulifika Zanzibar kutoka Aden, ukaendelea kusini hadi Msumbiji na Durban. Mji ukaungana na dunia. Na mapema miaka ya 1880, David Gill, mkuu wa kituo cha kutazama nyota cha Cape huko Afrika Kusini, alisimamia kazi ya kutumia waya huo kulinganisha saa za Aden na za kusini mwa Afrika.

Kwa nini mtazama nyota ahangaike na waya? Kwa sababu tofauti ya saa ndiyo umbali wa mashariki na magharibi. Dunia huzunguka nyuzi 15 kwa saa moja. Ukijua jua au nyota imepita utosini pako lini, na imepita Aden lini, unajua uko wapi duniani. Lakini karibu na Ikweta kosa la sekunde moja ni takriban mita 460 juu ya ramani. Kwa nahodha anayepita kwenye miamba ya matumbawe, hiyo si haba.

Shida ilikuwa safari yenyewe. Alama ya umeme haifiki papo hapo. Huchelewa njiani, na aliyeko upande wa pili hajui imechelewa kiasi gani. Wataalamu wa telegrafu walipata ujanja mwepesi: tuma alama kwenda, kisha tuma nyingine kurudi. Ucheleweshaji unaofanya saa ya mbali ionekane mbele katika safari moja huifanya ionekane nyuma katika safari ya pili. Chukua wastani, na ucheleweshaji hujifuta wenyewe.

Karibu miaka 150 imepita, na simu zetu bado zinatumia ujanja huohuo.

Kwenda, kurudi, gawa kwa mbili

Mwaka 1985 David Mills, Mmarekani aliyefundisha Chuo Kikuu cha Delaware, alichapisha utaratibu wa NTP. Ndio unaorekebisha saa za kompyuta nyingi zaidi duniani mpaka sasa. Mills alifariki Januari 2024.

Tuchukue kompyuta iliyoko Mji Mkongwe inayouliza saa kwa seva ya Dar es Salaam. Inatuma swali saa yake ikisoma milisekunde 0 (milisekunde 1,000 ni sekunde moja). Seva inalipokea swali saa yake yenyewe ikisoma 130, na kujibu ikisoma 132. Jibu linatua Mji Mkongwe saa ya kompyuta ikisoma 62.

Safari nzima imechukua milisekunde 62. Seva ilikaa na swali kwa 2. Zinabaki 60 za njiani, na NTP inadhani ni 30 kwenda na 30 kurudi. Kama swali lilisafiri kwa 30, lilifika saa ya kompyuta ikiwa 30; seva ilisoma 130. Basi kompyuta iko nyuma kwa milisekunde 100. Inajisogeza taratibu mpaka ilingane, na itauliza tena baadaye.

Tatizo liko kwenye neno "inadhani". Tuseme swali lilikwenda fasta kwa milisekunde 10, lakini jibu likakutana na foleni likachukua 50. Jumla ni ileile 60. Namba zote nne ni zilezile. Hata hivyo ukweli ni kwamba kompyuta iko nyuma kwa 120, si 100. Kuna kosa la milisekunde 20, na hakuna hesabu yoyote inayoweza kuligundua kwa kutazama namba hizo peke yake. Kosa siku zote ni nusu ya tofauti kati ya kwenda na kurudi.

Wengi hudhani usahihi unanunuliwa kwa kuwa na saa ghali. Saa nzuri inasaidia, ila ugumu mkubwa uko njiani. Ukiwa na saa ya atomiki Dar na foleni ya upande mmoja kwenye mkongo, Unguja utapata saa mbovu.

Na njia hubadilika. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipata hitilafu kusini, upande wa Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Watu walilalamika bando haliendi. Kilichokuwa kinaendelea chini kwa chini ni kwamba data ilikuwa ikisukumwa kwenye njia nyingine, ndefu zaidi na zilizojaa. Siku kama hiyo, kompyuta inayochukua saa kutoka nje ya nchi haina namna ya kujua kama kwenda na kurudi bado vinalingana. Hivyo seva ya saa iliyo karibu hushinda seva maarufu iliyo mbali. Utaratibu wa hiari uitwao NTP Pool unayo anwani ya kila nchi, ya Tanzania ikiwa tz.pool.ntp.org, na kompyuta ikitumia kadhaa kwa pamoja huweza kumtambua na kumpuuza mwongo mmoja kati yao.

Milisekunde zinapokuwa nyingi mno

Kwa simu ya mkononi, kukosea kwa milisekunde 20 si kitu. Kwa mnara unaoihudumia simu hiyo, ni maafa.

Minara mingi ya 5G, na baadhi ya 4G, hutuma na kupokea kwenye masafa yaleyale kwa zamu: sasa nasema, sasa nasikiliza. Minara jirani lazima ibadilishe zamu pamoja. Mmoja ukiwahi, unapiga kelele wakati mwenzake anajaribu kusikia simu dhaifu iliyo chumbani, nyuma ya kuta nene za mawe za Mji Mkongwe. Kiwango cha kimataifa kinataka minara hiyo isipishane na saa rasmi kwa zaidi ya mikrosekunde 1.5, yaani sehemu moja na nusu katika milioni ya sekunde.

Baharini nako kuna zamu. Mtambo wa AIS, ambao meli hutumia kujitangaza zilipo ili zisigongane, huigawa kila dakika katika vipande 2,250 kwenye kila chaneli, na kila meli huzungumza katika kipande chake. Kipande kimoja ni chini ya milisekunde 27. Meli zikiwa na saa zisizolingana, sauti zao hupandana, na chombo hukosekana kwenye kioo cha nahodha.

Lakini mfano unaowagusa Waunguja zaidi ni umeme. Kisiwa hupata umeme wake kutoka Tanzania Bara kwa waya unaolala chini ya bahari. Waya mpya wa megawati 100, uliojengwa kwa msaada wa Marekani baada ya kiza kile kirefu, unatoka Ras Kiromoni hadi Fumba, karibu kilomita 40. Waya wa namna hiyo ukipata hitilafu, swali la kwanza ni: wapi? Kuna njia ya kulijibu kwa saa peke yake. Hitilafu ikitokea, wimbi la umeme hukimbia kutoka pale palipoharibika kwenda pande zote mbili. Chombo cha kila upande huandika wimbi lilifika saa ngapi. Upande uliolipata mapema uko karibu zaidi, na tofauti ya muda hutoa umbali.

Kwenye waya wa chini ya bahari wimbi hukimbia takriban mita 160 kwa mikrosekunde. Kama vyombo viwili vimepishana kwa mikrosekunde moja, jibu linakosea kwa mita 80 hivi. Mafundi na meli yao wanaweza kulimudu eneo hilo. Kama vimepishana kwa milisekunde moja, kosa ni kilomita 80, mara mbili ya urefu wa waya wote. NTP ya kawaida hapo haifai kitu.

Kazi ya namna hii hufanywa na utaratibu mwingine, PTP, uliotoka mwaka 2002. Hesabu yake ni ileile ya kwenda na kurudi. Tofauti ni pale muhuri wa saa unapogongwa. NTP kwa kawaida huugonga ndani ya programu, na programu ina mambo mengi. Ujumbe unaweza kungoja zamu yake kabla ya kutoka. PTP huugonga kwenye kadi ya mtandao yenyewe, ujumbe unapotoka mlangoni. Zaidi ya hapo, swichi za njiani hupima zimeukalisha ujumbe kwa muda gani na kuuandika ndani yake, ili anayepokea aupunguze. Foleni bado ipo, lakini sasa inajulikana urefu wake.

Kwa njia hiyo mtandao uliopangwa vizuri hufika chini ya mikrosekunde moja. Watafiti wa CERN, Geneva, walikwenda mbali zaidi kwa mfumo waliouita White Rabbit. Unatumia uzi mmoja wa faiba kwa pande zote mbili, kila upande na rangi yake ya mwanga, ili kwenda na kurudi viwe na njia ileile, na hufika chini ya nanosekunde moja. Katika nanosekunde moja mwanga hewani huenda sentimita 30 tu.

Kwa kulinganisha: mwanga ndani ya faiba hutumia mikrosekunde 5 kwa kila kilomita. Kutoka Dar hadi Unguja, kama kilomita 70 kwa mstari ulionyooka, ni mikrosekunde 350 kwa uchache. Mnara uliosahau kutoa muda huo wa safari umeshavuka mpaka wake wa 1.5 zaidi ya mara 200.

Saa kutoka angani

Njia ya mkato ni kuruka waya na kuchukua saa kutoka kwa setelaiti za GPS, ambazo hubeba saa za atomiki. Antena juu ya paa na kipokezi kizuri hutoa saa yenye kosa la makumi ya nanosekunde tu. Saa hizo zinakwenda mbio kwa mikrosekunde 38 kwa siku kuliko za ardhini, kama Einstein alivyotabiri, na kasi hiyo imeshatolewa hesabuni.

Kwa pwani yetu kuna vikwazo viwili. Vichochoro vya Mji Mkongwe huzuia mawimbi na kuyadundisha ukutani, kwa hiyo antena lazima iwe juu kabisa, penye anga wazi. Kikwazo cha pili hakionekani: karibu na Ikweta, tabaka la juu la hewa lenye chembe za umeme huchafuka baada ya magharibi, zaidi katika miezi ya karibu na Machi na Septemba, na mawimbi ya GPS hutetereka au kupotea kwa muda. Tena kifaa kidogo cha kuvuruga GPS kinaweza kuizima mtaa mzima. Ndiyo maana mitandao makini hutumia vyote viwili, GPS na PTP, pamoja na saa nzuri ya kushikilia muda vyote vikipotea.

Siku mpya huanza saa tisa usiku

Kompyuta hazijali ni asubuhi au jioni. Ndani yake hutunza saa ya dunia, UTC, na kuongeza saa tatu pale tu zinapomwonyesha mtu. Kwa hiyo kumbukumbu nyingi za seva za Zanzibar hubadilisha tarehe saa tisa usiku. Kuna sadfa nzuri hapa: saa tatu asubuhi ya Kiswahili ni 9:00 kwenye simu na 6:00 ya UTC. Saa rasmi iko mbele ya UTC kwa saa tatu, na hesabu ya Kiswahili iko nyuma yake kwa saa tatu.

Jua lenyewe lina saa yake. Saa ya Afrika Mashariki imefungwa kwenye nyuzi 45 mashariki, na Mji Mkongwe uko kwenye nyuzi 39.2. Kwa wastani jua hufika utosini saa sita na dakika 23, na Dar hulipata kama sekunde 20 kabla. Programu za nyakati za swala hulazimika kuijua tofauti hiyo. Simu zenyewe zinaonyesha dakika ileile pande zote mbili.

Tangu 1972 zimeongezwa sekunde 27 kwenye UTC ili isiachane na mzunguko wa dunia. Ya mwisho Unguja ilipita alfajiri ya Januari 1, 2017, kabla tu ya saa tisa kamili usiku, dakika moja ikawa na sekunde 61. Ile ya mwaka 2012 iliangusha tovuti kadhaa kubwa, kwa sababu programu hazikutarajia sekunde ya 60. Mwaka 2022 mataifa yalikubaliana utaratibu huo uachwe ifikapo 2035.

Kwa mwenye simu, kazi ni ndogo: kwenye mipangilio, sehemu ya tarehe na saa, iwekwe ijirekebishe yenyewe. Anayeirudisha nyuma kwa mkono ili kudanganya gemu hukuta WhatsApp imegoma.

Mwenye gesti au duka lenye kamera ana la zaidi. Rekoda nyingi huuzwa zikiwa na saa za kiwandani, na sehemu ya NTP imezimwa. Iwashwe, ukanda uwekwe UTC+3, na saa ilinganishwe na simu mara moja kwa wiki. Kamera mbili zinazopishana dakika nne zitamwonyesha mtu mmoja akiwa mahali pawili kwa wakati mmoja, na wakili yeyote atauliza ipi iaminiwe.